Pasipoti Ndani ya Bitana

Kaka yangu ni fundi wa mabegi. Miaka thelathini amekaa kwenye kibanda chenye upana wa meza moja, akibadilisha zipu, magurudumu na mishikio ya watu wanaokwenda kuona dunia, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Hilo halikumzuia kutoa ushauri. Mteja akileta sanduku lililovunjika gurudumu, atasomewa risala nzima kabla halijapokelewa: sanduku la kung'aa huwaita wezi, zipu nyembamba ni usaliti, jina liandikwe nje na ndani. Wateja humwita Daktari, naye hujifanya hapendi.

Mwaka huu zamu ikawa yake. Binti yake wa pekee, aliyemlea peke yake, aliondoka miaka tisa iliyopita kwenda kusoma ng'ambo akaolewa huko huko. Sasa alikuwa amejifungua, akamtumia baba yake tiketi, ile isiyobadilishwa tarehe. Kaka alifurahi hata hakushikika.

Kununua sanduku kulitumalizia Jumamosi tatu. Alivuta kila zipu mara ishirini, akalikalia kila sanduku, halafu akaomba ruhusa ya kulibwaga kwenye ngazi. Muuzaji mmoja alituonyesha mlango kwa adabu. Mwishowe akachagua la kitambaa kizito, la kahawia, baya kweli kweli, akanieleza kwa fahari kwamba hakuna mwizi atakayelitamani. Nikamwambia hata mimi nashangaa yeye analitamani vipi. Akafunga utepe wa njano kwenye mshikio asije akalichanganya na la mtu mwingine, kana kwamba dunia ina mawili ya namna ile.

Nakala za pasipoti aliziweka sehemu tatu: moja kwangu, moja sandukuni, moja ndani ya soksi. Namba ya simu ya binti yake akaiandika kwenye karatasi, endapo simu ingeibwa. Hayo yalikuwa ya maana, sikumcheka. Ila nilipomuuliza pasipoti yenyewe iko wapi, alipapasa mkoba wake wa begani akatabasamu tu.

Uwanja wa ndege tulifika tumechelewa, kwa sababu alirudi mara mbili kuhakikisha kibanda kimefungwa. Foleni nayo ilikuwa ndefu. Tulipofika mbele, msichana wa kaunta akaomba pasipoti. Kaka akaufungua mkoba, akabaki ameukodolea macho. Alikuwa ameishonea ndani ya bitana, kile kitambaa cha ndani ya mkoba, mshono juu ya mshono, kwa uzi wa nailoni anaofungia mishikio ya masanduku ya kilo thelathini. Msichana akatuambia kaunta inafungwa baada ya dakika ishirini. Mkasi hakuwa nao, wala mtu yeyote kwenye foleni.

Nikamvuta pembeni nikaanza kung'ata uzi. Nilikuwa nimekasirika, nakiri. Yeye kasimama tu, mikono imelegea, na hakuna fundi asiyejua mshono wake unaishia wapi.

"Kaka, nionyeshe fundo lilipo. Mbona unaniangalia tu?"

Akautazama mkoba mikononi mwangu.

"Naogopa," akasema. "Miaka tisa, mdogo wangu. Nikifika ataniona mgeni."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Roho iliniuma, lakini dakika zilikuwa zinakwenda.

"Basi atakukaribisha," nikamwambia. "Fundo liko wapi?"

Akauchukua mkoba, akaigeuza bitana, akalipata fundo papo hapo, akalikata kwa meno yake mwenyewe. Alipovuta, bitana nzima ikachanika. Pasipoti ilitoka na nyuzi zake, msichana akazipuliza, na baada ya muda mfupi kaka akawa anaelekea kwenye ukaguzi, bitana ikining'inia kiunoni. Nililia mbele za watu, kisha nikacheka peke yangu hadi kwenye kituo cha teksi.

Kesho yake binti yake akanipigia.

"Shangazi, baba amefika salama. Amejilaza kwenye kochi, mtoto yuko kifuani kwake, na hataki mtu amchukue."

Nikamuuliza mkoba uko wapi. Akauliza mkoba upi, kisha akatoka kwenda kuangalia. Aliukuta kwenye kiti cha gari, barabarani, mlango haujafungwa, pasipoti ikichungulia nje.