Viwavi Wanaokimbia Dirisha

Saa mbili kasoro asubuhi, Mama Mbao amepiga magoti mbele ya mbao sita, anawabembeleza viwavi kama mtu anayebembeleza wakwe.

"Jamani, na huku kulia pia ni kwenu."

Hawamsikii. Viwavi hawana masikio, na hata wangekuwa nayo wasingemsikiliza.

Kila ubao una viwavi mia mbili wa hariri, walioshiba majani ya mforsadi. Kwenye ubao bapa hawapati kona ya kujijengea kifuko, basi huzurura wakitema uzi. Siku ya tatu unabandua kitambaa ambacho hakikufumwa na mtu.

Karakana ya bandeji inakitaka, ila kwanza kipite kwa mpimaji, kijana nadhifu mwenye mashine ya kuvuta. Hukata vipande vitano, akavibana kimoja kimoja ncha zote mbili, mashine ikavuta mpaka kikatike. Hata kimoja kikikatika kabla ya kilo mbili, kazi yote inarudi.

Ya Mama Mbao imerudi mara mbili. Ikirudi ya tatu, karakana itatafuta mtu mwingine.

"Mimi nalea mwezi mzima, yeye anararua kwa dakika moja, halafu ananiambia pole mama," anasema. "Pole ya nini, na amerarua kwa makusudi?"

Mpimaji anasema hana ugomvi na mtu. Vipande vya kushoto vilistahimili kilo tatu na nusu, vya kulia vilikatika kwenye moja. Alipomweleza mama kwamba kitambaa chake kimeelemea upande mmoja, akajibiwa kuwa hata nywele zake yeye mpimaji zimechanwa upande mmoja na hakuna aliyemrudisha kwao.

Juzi ndipo siri ilipofichuka. Mama Mbao alirudi mapema akamkuta mumewe, dereva mstaafu, akifungua pazia la dirisha la kulia. Kumbe ndiyo kazi yake kila asubuhi, mke akitoka tu. Viwavi hawapendi mwanga. Wote walihamia kushoto, wakajazana kama ndugu kwenye msiba wa tajiri.

"Niliwaonea huruma, gizani kutwa," anajitetea mzee.

"Mimi miaka thelathini na nne hujanifungulia pazia hata siku moja," mkewe anamjibu.

Sasa pazia limepigiliwa misumari, na mbao zinageuzwa kila baada ya saa mbili. Anayezigeuza ni mzee mwenyewe, bila kunung'unika kwa sauti.

Ijumaa kitambaa kinakwenda kwa mpimaji. Mama Mbao ataandamana nacho, na ameshaomba vipande vyote vitano vikatwe upande wa kulia.

"Mashine ikishindwa kukikata," anasema, "mimi ndiye nitakayempa yeye pole."