Pua Yangu na Vitunguu vya Mama

Sogea karibu unisikilize, nikueleze habari ya harufu moja, na ukipata kichefuchefu usione aibu, maana hata mimi kinanipanda kooni ninapoandika. Sisemi harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ile inayomfanya mpita njia apunguze mwendo. Nasema kitunguu kilichooza. Kwanza hutoa utamu wa uongo, kama togwa lililosahauliwa mtungini, halafu utamu ule hugeuka kuwa uvundo wa panya aliyekufia ukutani. Ubaya wake ni kwamba hakikuonyi. Ganda la nje hubaki jekundu, kavu, linang'aa vizuri kabisa. Unakishika kwa imani, kidole gumba kinazama ndani, na ute wa kahawia unakutiririkia mpaka kwenye kiwiko. Ukinawa kwa majivu, harufu inabaki. Ukinawa kwa majani ya mpera, inabaki. Unakula ugali kwa mkono uleule, na kila tonge linakuja na maiti yake.

Harufu hiyo ndiyo nyumba yetu ya mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, tulipohamishwa kutoka bondeni kule Kasekese kwenda kijiji kipya upande wa Misunkumilo, nyumba zikiwa zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Watu walibeba milango, kuku, mawe ya kusagia. Mama alibeba pia kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi, na ndani yake mlikuwa na mbegu za kitunguu chekundu alichopewa na mama yake alipoolewa. Mimea iliyokuwa imetoa maua tuliiacha bondeni haijakomaa, kwa hiyo mbegu za kibuyu kile ndizo zilikuwa za mwisho. Nawe elewa jambo hili: mbegu ya kitunguu haina subira kama ya mahindi. Ukiiweka msimu mmoja, inaota. Ukiiweka hadi wa pili, nyingi zimekufa, ingawa kwa macho ni nyeusi vilevile. Mama hakuwa na nafasi ya kukosea.

Alizisia mvua zilipokaribia kukatika, kwenye kitalu kilichofunikwa nyasi. Ziliota zimejikunja kama sindano iliyopinda, kichwa kikiwa bado ardhini, kisha zikajinyoosha. Tulizihamishia kando ya kijito, tukamwagilia kiangazi chote kwa ndoo na makopo, na majani yalipolala yenyewe tukavuna. Vilikuwa vidogo, vyekundu sana, vikali kiasi cha kumliza aliyesimama mlangoni. Majirani waliokuwa na vitunguu vyeupe vikubwa kutoka mjini walimtania Mama kwamba amevuna shanga. Mama alicheka nao, akafunga mafungu.

Sasa hapa ndipo penye kinyaa, na ndipo penye elimu pia. Wengi huchagua kitunguu cha mbegu siku ya kuvuna. Wanashika kikubwa, cha mviringo, kizuri, wanasema hiki ndicho. Kwa mama yangu na mama yake hapakuwa na kuchagua siku ile. Vyote vilitundikwa kwenye uchaga juu ya moto, vikae na moshi kipindi chote cha mvua, na kitakachobaki kigumu mvua zikiisha ndicho kilichostahili kurudi ardhini kutoa maua na mbegu. Vilioza vyenye shingo nene, vikaoza vilivyochubuliwa na jembe, vikaoza vikubwa vilivyojaa maji. Kuoza kwenyewe ndiko kulikochagua. Lakini kinachooza kisipoondolewa huambukiza jirani yake, kwa hiyo kila wiki fungu lilishushwa na kila kitunguu kikanuswa. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

"Pua ya mtoto haijazoea moshi," alisema Mama. "Nusa kwenye shingo, usinuse tumboni. Shingo haidanganyi."

Nilinusa. Nilinusa mpaka nikaziona harufu ndotoni. Nilikutana na funza weupe wakijikunja ndani ya tabaka, nikakutana na ukungu mweusi ulioniingia puani nikapiga chafya juu ya uji. Jiko la nje lilikuwa halijajengwa bado, hivyo uchaga ulikuwa palepale tulipolala, na usiponusa vizuri leo, kesho tone la maji ya uozo linadondoka kwenye mkeka wako.

Tuliishi na Shangazi Tereza, mdogo wake Baba, msichana aliyependa usafi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alifagia uwanja mpaka ukawa na mistari kama kitambaa. Basi, katikati ya mvua, ikaja habari kwamba mshenga analeta posa yake siku ya Jumapili baada ya misa. Mama alikuwa amekwenda Kawajense kumwangalia dada yake aliyejifungua. Shangazi akasimama chini ya uchaga, akavuta pumzi, akaziba pua kwa kanga.

"Wageni wakae chini ya mzoga huu?" akasema. "Watadhani ninayenuka ni mimi. Shusha vyote."

Tukashusha. Akavimenya maganda ya nje yenye masizi, akaleta ndoo za maji na sabuni ya kipande.

"Shangazi, Mama hataki viguswe na maji."

"Kwani anayeolewa ni mama yako? Sugua."

Akaviosha kimoja kimoja mpaka vikawaka kama vimepakwa mafuta, akavipanga kwenye tenga kando ya mlango. Nyumba ikanukia sabuni. Sitasahau usingizi wa usiku ule, kwa mara ya kwanza bila uvundo.

Mama alirudi Jumamosi jioni. Alilitazama tenga, akachutama, akagusa kitunguu kimoja kwa ncha ya kidole kama anayegusa kaa la moto. "Umeviosha, wifi." Hakuuliza, alisema tu. Asubuhi akavitandaza kwenye mkeka, lakini jua halikuonekana siku ile wala zilizofuata, akavirudisha tengani. Wageni walikuja. Mshenga, mzee mmoja mnene mwenye koti, alivisifia vitunguu kabla hajamsifia msichana. "Nyumba hii ni safi hata vitunguu vinaoga," akasema, na wote wakacheka, Shangazi akiinama kwa furaha. Mama naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa tenga, hauachii.

Haikupita wiki, tenga likaanza kulia. Ndiyo, kulia: maji yalikuwa yakichuruzika kwenye nyuzi za chini, na mapovu yakipanda juu. Nzi walikuja kwa wingi mpaka mtu akafunga mdomo akiwa ndani. Baba alikula chakula chake nje kwenye manyunyu, akiwa amejifunika gunia. Jirani aliyemtania Mama kwamba amevuna shanga alichungulia mlangoni akaondoka bila salamu. Mama akatandika majani ya mgomba uwanjani, akalimwaga tenga lote. Lilitoka kama matapishi ya ng'ombe.

"Kama humu hamna kigumu," alisema, "mbegu ya mama yangu imekwisha."

Shangazi ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Alikunja kanga, akazamisha mikono yote miwili. Alitapika, akajifuta kwa bega, akarudi. Mimi nikaingia upande wa pili. Sijui nikueleze vipi jinsi tabaka za kitunguu kilichooza zinavyoteleza kati ya vidole, uvuguvugu wake, jinsi mikono yako mwenyewe inavyokuwa kitu cha kigeni usichotaka kirudi mwilini. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

"Wifi," alisema Shangazi katikati ya kichefuchefu, "ile harufu niliyoifukuza imerudi na ndugu zake."

"Na imekukuta mchumba wa watu," akajibu Mama. "Endelea kutafuta."

Kisha kidole changu kikagonga kitu. Nilikivuta. Kilikuwa kidogo, kimepakwa ute wa wenzake, lakini kigumu kama kokwa. Mama alikisugua kwa majivu makavu, akabonyeza shingo, akanusa kwa muda mrefu, akanipa nami ninuse. Palikuwa na harufu kali, kavu, safi ya kitunguu. Tukapata kingine, na kingine. Mwisho vilijaa bakuli la uji. Mama alivitazama kama mtu aliyepokea wageni kutoka mbali. "Hivi vimeoshwa, vimevuliwa nguo, vimelala na maiti," alisema, "na bado havijaoza. Hivi ndivyo mama wa mbegu."

Mchumba wa Shangazi aliposikia msiba huo, alituma mbegu alizoomba kwenye bustani ya misheni, nyeusi, zenye makunyanzi, huwezi kuzitofautisha na zetu. Mama alishukuru, akazisia pembeni peke yake. Zikaota kama vitunguu, zikakua kama vitunguu, tukasubiri zivimbe chini, hazikuvimba. Zilikuwa liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu inayoliwa shina na majani. Tulizila na karanga, si mbaya, ila Mama alipenda kusema kwamba mbegu usiyemjua mama yake ni mgeni aliyefunika uso. Vile vya bakuli vilipandwa mvua zilipoisha, vikatoa vichwa vya maua meupe vilivyojaa nyuki, na kibuyu kikapata mbegu tena. Msimu uliofuata vilivyooza vilikuwa vichache, uvundo ukapungua nyumbani mwetu. Na Shangazi alipokwenda kwa mumewe, ndani ya sanduku lake la nguo, katikati ya kanga zilizopigwa pasi, palikuwa na kibuyu.

Leo nikienda sokoni Mpanda nanunua mbegu kwenye kopo lenye picha ya kupendeza, nami sizidharau, zinaota vizuri na zinazaa. Lakini nikifika penye magunia ya vitunguu, vikubwa, vilivyosuguliwa vikang'aa, kidole gumba changu hutafuta shingo palepale. Naliona lile tenga. Najua kwamba wiki haitaisha kabla gunia lile halijaanza kulia, na kwamba aliyevichagua alitumia macho tu. Watoto wangu hawajawahi kuamka na tone la uozo shavuni, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Ila hawajui pia kitunguu kizima kinanuka vipi shingoni, na nikiwaambia wanuse wanakunja uso na kuniuliza nyie wa zamani mliwezaje.

Tuliweza hivi, nawe unaweza. Mwaka huu ukivuna, usichague cha mbegu siku ile. Usioshe. Funga mafungu, tundika penye moshi au upepo, na kila wiki toa kilichooza hata kama utatapika. Mvua zikiisha, shika kimoja kimoja, bonyeza shingo kwa kidole gumba, nusa. Kilicho kigumu na kikavu, hicho ndicho cha kurudisha ardhini.