Alliance Anafundisha Columbus

Siku barua ya kazi ilipofika, Alliance Cikuru aliisoma mara tatu akiwa amesimama jikoni kwake Louisville, na pumzi aliyokuwa ameibana kwa miaka ikamtoka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kwa miaka mitatu alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya msingi, kazi yake kukaa pembeni na watoto waliotoka tu kufika Marekani na kuwafafanulia alichosema mwalimu mwenyewe. Aliipenda kazi hiyo. Lakini kila Juni aliambiwa asubiri, na kila Agosti nafasi ya kushika darasa ilimwendea mtu mwingine. Sasa walikuwepo watu waliotaka awe na darasa lake. Shida ni kwamba watu hao walikuwa Hungaria.

Aliyemwelekeza huko ni rafiki yake Jemutai, Mkenya aliyekuja Kentucky kusoma na ambaye alishawahi kufundisha mwaka mmoja katika nchi hiyo.

"Huko wako na shule za lugha mbili," Jemutai alimwambia. "Masomo mengine Kihungaria, mengine Kiingereza. Wanatafuta walimu wa Kiingereza kutoka nje. Wewe apply tu. Wakikataa ni shauri yao."

Hawakukataa. Ikabaki kumwambia mama, na hapo ndipo Alliance alipokwama.

Mama yake, Aksanti, alitoka Kivu akiwa na mume na watoto wawili. Walipokuwa kambini Uganda, mume aliondoka asubuhi moja na lori kwenda Kampala kutafuta kazi, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Hakurudi, na hadi leo hakuna aliyeleta habari zake. Miaka mingi baadaye Aksanti na watoto wake wakapokelewa Marekani. Waliishi kwanza Shively, pembeni mwa Louisville, kisha mama akamfuata dada yake Buffalo, akapata nyumba ya mbao West Side na kazi ya kutunza wazee kule Kenmore. Alliance alibaki Louisville kwa ajili ya chuo. Mdogo wake, Elie, alikwenda Columbus, kwenye ghala. Siku walipokula kiapo cha uraia, Aksanti aliwashika wote wawili mikono nje ya mahakama akasema, "Bon. Njia imeisha. Hakuna mutoto yangu atavuka tena mupaka."

Hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayefunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni.

Kwa hiyo Alliance akampigia simu Elie.

"Nitamwambia Mama nimepata kazi ya kufundisha Columbus," alisema. "Karibu na wewe."

Elie alimwita yaya, dada mkubwa, kama siku zote. "Yaya, hiyo ni bongo, ni uongo mukubwa."

"Ni miezi kumi tu."

"Na akitaka kuja kukutembelea?"

"Atakuambia wewe kwanza. Umwambie uko kazini, umwambie gari imeharibika, sijui. Elie, nakuomba. Nimesubiri sana."

Elie hakupenda, lakini alimpenda dada yake, akakubali. Mama alipoambiwa alipiga vigelegele kwenye simu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda: Alliance wake sasa ni mwalimu kamili, anafundisha Columbus. Waumini wakapiga makofi. Alliance alitumiwa video ya ushuhuda ule akiwa tayari uwanja wa ndege, akaizima kabla haijafika nusu.

Shule ilikuwa katika mji mdogo kusini mwa Hungaria, jengo la manjano lenye ngazi pana. Watoto waliacha viatu vyao mlangoni na kuvaa kandambili za ndani, na mwalimu naye alitakiwa afanye hivyo hivyo. Mchana walikula tambi zilizonyunyiziwa sukari na mbegu nyeusi, chakula ambacho Alliance alikitazama siku ya kwanza kwa mashaka na kufikia wiki ya tatu alikuwa anaongeza. Darasa lake lilikuwa la pili, watoto ishirini na wanne. Mwenzake Ildikó aliwafundisha kusoma na hesabu kwa Kihungaria. Alliance alichukua Kiingereza, sayansi na uchoraji. Watoto walimwita Alliance neni, yaani shangazi Alliance, kama walivyowaita walimu wote wa kike.

Kazi yenyewe haikumtisha. Kilichomtisha ni mkutano wa wazazi wa mwezi wa Septemba. Baba mmoja mwenye mikono mipana alisimama, akasema maneno marefu huku akiangalia meza. Ildikó alisita kabla ya kutafsiri.

"Anasema waliahidiwa Mmarekani."

"Mwambie mimi ni Mmarekani," Alliance alisema.

"Anauliza Kiingereza umejifunza wapi."

Alliance angeweza kujibu Kentucky tu, na isingekuwa uongo. Lakini tayari alikuwa na uongo mmoja mgongoni, wa pili ungemlemea. "Nilianza kambini, Uganda," alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Sikuzaliwa nacho. Ndiyo sababu najua mtoto asiyekuwa nacho anakwama wapi."

Ildikó akatafsiri. Yule baba akasema bado anafikiria kumhamisha mtoto wake, akakaa. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, akasema kwamba mwezi wa Novemba kutakuwa na siku ya wazazi kuingia darasani na kila mtu ataona mwenyewe.

Kulikuwa na msichana aliyeitwa Réka. Alikuwa amehamia shule hiyo mwaka ule ule, na kwenye vipindi vya Kiingereza hakufungua mdomo kabisa. Hakuwa mkorofi wala mzito wa kuelewa. Alinyamaza tu, macho wazi. Ildikó alipendekeza aitwe mbele kila siku hadi azoee. Alliance alikataa. Alikumbuka alivyoitwa mbele Louisville akiwa na miaka kumi na tatu, darasa zima likingoja, na yeye hata jina lake mwenyewe likamkimbia. Badala yake alimpa Réka rula. Walikuwa wameotesha maharage kwenye pamba, kila mtoto na kikombe chake, na kazi ya Réka ikawa kupima kila mche kila asubuhi na kuandika urefu ukutani. Hakuambiwa aseme kitu. Alipima, aliandika. Wiki zikapita.

Siku ya wazazi kuingia darasani ilipofika, walisimama nyuma wakiwa na makoti yao, yule baba mwenye mikono mipana akiwa katikati. Alliance aliuliza kwa Kiingereza mche wa nne una urefu gani. Mvulana mmoja akanyoosha mkono haraka: sentimita saba.

"Hapana," ikasikika sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa lugha ile. Réka alikuwa amesimama, rula mkononi. "Ni tisa. Nimepima leo. Saba ilikuwa Jumatatu."

Darasa zima liligeuka. Alliance alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asante, Réka. Na wa tano je?" Réka akasema na wa tano, na wa sita, akaendelea hadi wa ishirini na nne, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatiza. Nyuma kule Ildikó alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Yule baba hakumhamisha mtoto wake, na alipoondoka alimpa Alliance mkono, na kwa Alliance hiyo ilitosha.

Usiku ule alilala kama gogo. Ila furaha ile hakuwa na wa kumpelekea. Angeanzaje? Mama, leo mtoto mmoja wa Kihungaria amezungumza?

Simu na mama zilikuwa na taratibu zake. Aksanti alipiga saa kumi na mbili asubuhi, akiwa kituoni Buffalo anasubiri basi la kumpeleka Kenmore. Hungaria ilikuwa saa sita mchana. Alliance alijifungia stoo ya vifaa vya michezo, akaegemea ukuta mtupu, akazungumza kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mara moja tu mambo yalimharibikia. Mwezi wa Oktoba watoto wawili waliotumwa kuchukua mpira walifungua mlango, wakamwona, wakasalimu kwa pamoja kwa sauti ya juu: "Chokolom, Alliance neni!"

"Nani hao?" mama aliuliza.

"Televisheni, Mama."

"Ah, bon," mama alisema. Basi likaja, akakata simu.

Mwezi wa Desemba shule ilipofunga, Alliance alipanda ndege hadi Columbus ili waingie Buffalo pamoja na Elie, kama watu waliotoka mji mmoja. Njiani Elie alimkumbusha majina ya mitaa ya Columbus, endapo angeulizwa. Theluji ilikuwa nyingi, gari likaenda polepole.

"Yaya, mi nimechoka na hii kitu," Elie alisema. "Leo ukimwambia, sawa. Usipomwambia, mimi nitamwambia."

"Nitamwambia. Baada ya chakula."

Walipofika, taa ya barazani ilikuwa inawaka. Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga. Aksanti alisimama pale na kitenge chake kiunoni, akamtazama binti yake kutoka kichwani hadi miguuni, akasema:

"Chokolom, Alliance neni."

Begi lilimponyoka Alliance.

"Muingie, baridi inaingia," mama alisema, akageuka kwenda jikoni.

Hakuna aliyesubiri chakula. Alliance alimfuata, akasimama kando ya jiko lenye sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, machozi yakimtiririka. "Mama, nisamehe. Ulijua lini?"

"Tangu mwezi ya kumi. Shule gani ya Columbus inakuwaka na batoto saa kumi na mbili ya asubuyi? Televisheni! Televisheni inajua jina yako?" Aksanti alikoroga sombe kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Ile neno ikanikaa mu kichwa. Donc, kule kazini niko na mugonjwa mumoja, mama muzee, Bi Ilonka. Asubuyi ile namuvalisha soksi, nikaimba tu ile neno, chokolom, chokolom. Akanikamata mukono. Akaniuliza nimeitoa wapi. Ile ni salamu ya batoto ya kwabo, Hungaria. Mutoto mwenye adabu anasalimia vile mama mukubwa."

"Na hukuniuliza?"

Aksanti aliacha mwiko. "Kama ningekuuliza, ungenidanganya mara ya pili. Ya kwanza nilikuwa nimeshaimeza. Ya pili ingenishinda."

Hapo Alliance alilia kweli kweli, na mama akamwacha alie, kisha akamvuta na kumkumbatia.

"Niliogopa, sikatai," Aksanti alisema taratibu. "Wiki mbili chakula haikupita, usingizi haikukuja. Nilikuwa naona ile lori ya baba yako. Lakini Bi Ilonka akawa ananieleza kila siku. Mambo ya miji, ya mito, ya shule. Yeye mwenyewe alikimbia kule akiwa mutoto wa miaka kumi, kwa miguu, mu baridi, na mama yake. Akaniambia: Aksanti, mimi nililia nikitoka, mutoto wako ameingia kwa mulango, na pasipoti, wamemwita. Ile na hii haiko safari moja." Alimfuta binti yake machozi kwa pembe ya kitenge. "Nikafikiri sana. Ni kweli. Baba yako alienda kutafuta. Weye, walikuita."

Elie, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, alipumua kwa sauti. "Mama, kwa hiyo mimi nimebeba hii siri bure?"

"Weye nyamaza," mama alisema. "Gari yako imeharibika mara ngapi mwaka hii?"

Wakacheka, wote watatu, hadi sombe ikaanza kushika chini. Walikula wakiwa wameanza kusimuliana, na Alliance akasimulia yote: kandambili, tambi zenye sukari, baba mwenye mikono mipana. Alipofika kwa Réka na maharage, mama aliweka tonge chini.

"Yote ishirini na ine?"

"Yote, Mama. Hadi wa mwisho."

"Aksanti Mungu," mama alisema, na kwa mtu mwenye jina lile, ilisikika kama amejitaja mwenyewe mbele ya Mungu.

Jumapili yake kanisani Aksanti aliomba kipaza sauti tena, akarekebisha ushuhuda. Hakueleza mengi. Alisema kwamba alitaja mji usio wenyewe, kwamba binti yake yuko ng'ambo kwa kazi nzuri, na kwamba wamwombee. Alliance aliinamisha kichwa, lakini waumini walipiga makofi kuliko mara ya kwanza.

Mwezi wa Januari, Aksanti alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: alimsindikiza binti yake mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Buffalo, akamtia begini sweta nene aliyomnunulia. Alisimama nyuma ya kamba akimtazama anavua viatu, anaweka begi kwenye mashine, anavaa viatu tena. Alipunga mkono mara moja tu. Elie alisema baadaye kwamba walipokuwa wanarudi, mama alizungumza njia nzima juu ya bei ya nyanya.

Alliance alipotua, aliandika ujumbe: Nimefika salama, Mama. Akangoja. Alibadili treni, akafika mjini, akafungua chumba, akachemsha maji. Jibu lilikuja baada ya saa tisa nzima kupita.

"Pardon, nilikuwa nimelala," mama alikuwa ameandika. "Umevaa ile sweta?"