Chupa Zilizofunguliwa Jikoni

Kiangazi cha Bujumbura ni majira ya harusi. Shule zimefungwa, walioko Ulaya wamerudi na masanduku yao makubwa, na kila Jumamosi kumbi za kando ya ziwa kule Kibenga hujaa watu. Chuo kilipofungwa, nilitoka Singida kuja kuhudumu mezani kwa miezi hiyo. Mwajiri wangu alikuwa mwanamke aliyesoma na mama yangu zamani, sasa anapika na kuhudumia harusi. Wafanyakazi wake wote walimwita mama patroni. Alinipa chumba cha uani mtaani Kanyosha, shati jeupe, na maneno machache: "Tutaangalia. Ukiweza, unabaki mupaka mwisho wa vakansi."

Nilitaka kubaki. Nilikuwa nimewaaga watu wote nyumbani kwa mbwembwe, na sikuona ningerudije kabla ya wakati.

Asubuhi majirani walinisalimu kwa Kirundi. Nilijibu neno moja nililojua, wakacheka kwa wema, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao nami nikabaki nimeshika ndoo. Ukungu wa vumbi ulikuwa umefunika milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Sikujua kama kuna milima. Nilidhani maji yale yanaendelea tu.

Kwenye harusi ya kwanza nilipewa meza ya wajomba wa bwana harusi. Nyumbani kwetu mgeni huletewa kinywaji kimeshafunguliwa jikoni, kimepangwa vizuri juu ya sinia. Basi nikaingia nyuma ya ukumbi, nikafungua chupa za sinia zima, nikazipeleka haraka, nikijisifu moyoni kwa wepesi wangu. Wajomba wakanishukuru. Wakaendelea kuongea. Hotuba ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, povu likalala, na hakuna aliyegusa chupa. Mmoja alikuwa akijipepea kwa kadi ya mwaliko, jasho likimtiririka.

Dada mmoja wa Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa jiji, mkubwa wetu sisi wahudumu, akaja akaziondoa zote, akaleta nyingine zenye vifuniko, akazifungua moja moja mbele ya macho yao. Wakanywa.

Jikoni akanigeukia. "We dada, unataka kutuulia wajomba? Hapa chupa inafunguliwa mbele ya mwenye kuikunywa. Mutu akileta ya wazi, nani anajua ameweka nini ndani?"

"Sikuweka kitu," nikasema.

"Mi najua. Lakini bao, wajomba, banajua?"

Mpishi akadakia, "Anaongea Kiswahili kama ya redio, kumbe anapika sumu!" Wote wakacheka, na tangu hapo nikaitwa Sumu. Ulikuwa utani tu, lakini nilipomnyooshea mtu glasi ya maji, aliruka nyuma akishika koo, wenzake wakapiga makofi.

Mama patroni hakucheka. "Beba viti kwanza," aliniambia. "Kama hata benzako hawapokei kitu mu mukono yako, wageni nitabaambia nini?"

Nikabeba viti. Jumamosi hadi Jumamosi nilivipanga, nikavifuta, nikavipandisha kwenye gari. Shughuli ilipokwisha wenzangu walikaa kwenye majani wakila wali uliobaki. Walinisogezea nafasi, sikatai, ila hadithi zao zilikuwa za mitaa nisiyoijua, na soda yangu nilijichukulia mwenyewe.

Alasiri moja, baada ya harusi ndefu, yule dada wa Cibitoke alijitupa kwenye kiti, viatu mkononi, nyayo zimevimba.

"Sumu," akaita. "Niletee limonadi."

Wenzangu wakageuza shingo kutazama. Nilitoa chupa kwenye barafu, kifuniko chake kikiwa bado juu, nikasimama mbele yake. Mikono ilikuwa imelowa, kifungua chupa kikateleza.

"Fungua. Mi naangalia."

Kifuniko kikaruka mchangani. Nikanywa funda moja mwenyewe, nikafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa bila kupumua hadi ikaisha.

"Nikikufa," akasema akishika tumbo, "kitenge yangu ya bluu isiende kwa wifi."

Wakaangua kicheko, nami nikacheka hadi macho yakalowa. Mama patroni, akihesabu sufuria kando ya gari, hakugeuka. "Jumamosi," akasema, "ushike meza ya mashangazi."

Wenzangu walipanda gari kuelekea kaskazini, wakiimba. Mimi nilirudi Kanyosha kwa miguu, nimebeba limonadi niliyopewa ya kwenda nayo. Chumbani niliketi kitandani, nikaweka kifungua chupa kwenye kifuniko, kisha mkono ukasimama. Uani mtu alikuwa akimwita mtoto wake aoge. Nilijikuta nimeishika chupa hivyo hivyo, mbele yangu, nikingoja mtu wa kuangalia.