Mbegu Chini ya Kisigino

Mimi ku masomo nilifika tu mwaka ya pili, mais kupiga habari, nani atanishinda? Kaa hapa nikuambie vile nilikanyaga mbegu ya mama yangu na miguu yangu mbili, tena niko naimba.

Tulitoka Mabalako na mujukuu wangu, mwenye ananiitaka Mukaka, ni kusema bibi, juu ya vita. Kwetu, kama unakimbia, kitu ya maana hauiwekake juu. Nilikamata karto ya sabuni, nikatandika mbegu ya maharagi chini kabisa, nikafunika na kipande ya karto ingine, nikabandika na bugali ya maji-maji. Juu nikapanga bikwembe. Mutu akifungua, anaona tu nguo ya mumama muzee.

Ile maharagi iko nyeupe na madoa mekundu, kama yai ya ndege. Mama yangu alinipatiaka siku niliolewa, na mama yake alimupatia vile vile. Ku famille yetu binti haendake ku bwana mikono butupu. Mais huku Butembo, mu Vulamba, lupango yetu, kiwanja ya nyumba, iko ndogo, hata kuku inageuka na shida. Donc mbegu ikalala chini ya kitanda, ikangoja harusi ya mujukuu.

Bon. Makala ya kupikia ikakuwa ya kutafuta sana. Jirani yangu, mama moja Muislamu mwenye bwana yake anauzishaka bitu ku boutike, akanifundisha: unapasula makarto, unalowesha mu maji, unachanga na vumbi ya makala, unafinyanga mipira, unaanika. Inawaka polepole, chakula inaiva. Weh, nilifurahi! Yeye akaleta makarto yake yote. Na mimi nikatosha bikwembe mu yangu, nikaitupa ndani.

Kukanyaga najua. Baba yangu alikuwa anatengeneza kasikisi, pombe ya ndizi, sisi batoto ndio tulikuwa tunakanyaga ndizi. Nikaingia mu basani kubwa, nikakanyaga niko naimba. Chini ya kisigino nikasikia bitu bigumu-bigumu.

"Mama, kuna mawe humu!" nikamuambia.

Jirani akacheka. "Ni mifupa yako, Mukaka. Kanyaga tu!"

Tukafinyanga, tukapanga mipira chini ya manjanja, bati ya nyumba, sababu mvua ilikuwa haiachi.

Siku ya tatu mujukuu akarudi mbio toka ku parokia.

"Mukaka, padiri amesoma majina yetu mara ya mwisho! Posho hii, Jumamosi, tunaoana. Nionyeshe sasa mbegu yangu."

Nikainama, nikaingiza mukono chini ya kitanda. Karto haiko. Mukono ikabaki kule kule. Nikakumbuka yale mawe.

"Mujukuu wangu, mbegu nimeikanyaga."

"Umeikanyaga namna gani?"

"Na miguu."

Machozi ikaanza kumushuka mujukuu. Mimi nikakimbia inje: mipira mbili ilikuwa inakauka karibu na mbabula, jiko ya makala, nikaikamata na mikono, nikaungua bidole. Jirani akasikia kelele, akakuja na kisu.

"Tuvunje yote, tutafute!"

"Hapana!" mujukuu akasema. "Kisu itakata na mbegu."

Akachuchumaa, akaanza kugeuza mupira moja moja, polepole, kama mutu anageuza mayai chini ya kuku. Wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Wa tatu, chini yake kitu nyeupe ilikuwa imetoka, imepinda kama mukia ya panya mutoto.

Jirani akapiga mikono.

"Mukaka! Makala yako iko na mimba!"

Tulicheka mupaka nikaikala chini mu matope. Mipira yenye ilikuwa na mukia ilikuwa saba. Mbegu ingine yote nilikuwa nimeiponda na miguu, mais saba inatosha kuanza.

Posho mujukuu akaenda ku bwana yake, pembeni ya Beni, na ile mipira saba mu karto, imefunikwa na majani ya ndizi. Mama-mukwe akafungua, akauliza: "Bibi arusi, unatuletea makala yenye inaota?" Mujukuu akaeleza. Wakapanda mipira nzima nzima, na karto yake.

Asubui ya leo amepiga simu. Maharagi imetosha maua.

"Mukaka, mama-mukwe anauliza: unaweza kukanyaga tena?"

Nikamuambia: "Ikauke ile kwanza. Mukivuna, munirudishie mbegu kidogo. Miguu iko."