Mouse iko Guildford, receiver yake iko Mbagala: nilivyoiunganisha bila receiver

Wakuu, heshima kwenu, mlioko home na sisi tuliotawanyika.

Kisa hiki ni cha kweli. Chumvi nimetia ya kuonja tu.

Ilikuwa lockdown, Sydney. Sisi wa Guildford hatutoki bila sababu, na maduka ya vifaa yamefungwa. Mimi nimeitwa online test ya kazi ya ofisini, kupanga roster za wahudumu wa wazee. Saa nane kamili mchana.

Miaka mitatu nimeosha sufuria mchana na kusoma jioni mpaka nikapata certificate. Test hiyo ndiyo mlango wa kunitoa jikoni. Kwenye CV niliandika "advanced computer skills". Tuendelee.

Asubuhi yake chai ikamwagikia laptop. Laptop ikapona, touchpad ikafa. Na test ni ya drag and drop, unavuta majina ya watu mpaka kwenye zamu zao.

Nikakumbuka nina wireless mouse kabatini. Nikaitoa. Receiver, kile kidude chake cha kuchomeka kwenye USB, hakuna.

Kumbe niliiacha kwenye laptop ya zamani, niliyomtumia shemeji yangu Mbagala. Nikampigia.

"Ipo shem, imechomekwa hapa. Ila sijawahi kuona inafanya nini."

Mipaka imefungwa, mouse na receiver wametenganishwa kama wanandoa wanaosubiri visa.

Nikampigia Kevo, Mkenya wa Doonside, hapahapa Sydney, IT wa kanisa letu. U-IT wake ulianza siku alipomfungulia mchungaji mic kwenye Zoom. Tangu hapo hashikiki.

"Buda, hiyo ni driver. Download driver."

Nikadownload kwa keyboard tupu, Tab, Tab, Tab, kidole kikaota sugu. Wapi.

"Sasa restart."

Nimerestart mara arobaini, feni inaunguruma kama ndege inataka kuruka.

"Enyewe hiyo mouse imekufa. Pole, msee."

Zimebaki dakika kumi. Mke wangu, Mama Rehema, akatoka jikoni, akaichukua mouse, akaigeuza.

"Baba Rehema, hii mouse umeivika sanda?"

Hapa wakuu mnivumilie. Mouse niliifunga nailoni siku ileile niliyoinunua. Raundi tatu, soltepu chini, nikaacha tundu la taa tu. Nimekulia nyumba ambayo remote ilivaa nailoni hadi TV ikafa. Corona ilipoingia nikaongeza raundi ya nne, kwa usalama.

Mama Rehema akaichana kwa kisu cha vitunguu. Chini ya soltepu, kitufe kidogo chenye alama ya Bluetooth.

Nikakibonyeza sekunde kadhaa, taa ikaanza kupepesa. Settings, Bluetooth, Add device, jina hilo hapo. Mshale ukasogea. Nilitaka kulia, muda ukanikataza.

Kevo bado yuko hewani: "Si nilikushow itaingia?"

Kazi nikapata. Jumapili kwenye Zoom, Kevo akatoa ushuhuda jinsi alivyonihudumia akiwa mbali. Watu wakasema amina. Mama Rehema akazima kamera.

Funzo: kabla ya kumtafuta mtaalamu, geuza mouse. Ukikuta kitufe cha Bluetooth, na laptop yako inayo Bluetooth, receiver huihitaji. Usipokikuta, hata udownload intaneti nzima haitaunganika, nunua nyingine.

Mouse sasa iko uchi. Remote bado imevaa, hilo tusijadili.

Nyie wenzangu, nini bado kiko kwenye nailoni hapo nyumbani? Semeni ukweli, najua siko peke yangu.