Idi Siku ya Ijumaa ya Kwarezima

Mama yangu hakuwahi kula nyumbani kwangu. Tangu nilipoolewa hapa mjini Beni, alikuwa amekuja mara kadhaa kutoka Butembo, na kila mara ilikuwa vilevile. Alileta viazi na vitunguu vya Lubero, akakaa sebuleni mkoba ukiwa magotini, akanywa maji, akauliza habari za watoto, kisha akaenda kulala kwa binamu yake upande wa pili wa mji. Sahani niliyompakulia ilirudi jikoni kama ilivyotoka. "Nimeshiba," alisema. Mtu aliyetoka Butembo alfajiri bila chai hawezi kuwa ameshiba, lakini kwetu anayesema ameshiba halazimishwi.

Mara moja tu alinipa neno jingine. Nilimwuliza kwa simu, bila kuzunguka, kwa nini hali kwangu. Alisema, "Mwana wangu, ni muziro," kisha akaanza kuongea juu ya mvua.

Muziro ni kitu ulichokatazwa na ukoo wako. Wengine hawali mnyama fulani, na akiliwa kwa bahati mbaya ngozi inaharibika. Mimi nilizaliwa katika familia ya Wakatoliki, nikaolewa na Mwislamu, nikawa Mwislamu. Kwa hiyo neno la mama nililipa maana iliyokuwa karibu zaidi: anaogopa chakula cha nyumba ya Waislamu. Iliniuma, ila nililichukua kama tatizo lenye ufumbuzi. Nikijua anakataa nini, nitapika asichokataa.

Sikusoma shule ndefu. Mengi niliyo nayo nimejifundisha mwenyewe dukani, nikiuza vipuri vya pikipiki na kusoma kila kitabu kikuukuu kilichopita mkononi mwangu kati ya mteja na mteja. Kazi ile ilinizoesha kumaliza jambo moja kabla ya kushika jingine, na kupika napika hivyohivyo.

Mwaka huo Ramadhani na Kwarezima zilianza karibu siku moja. Mama alifunga kwake, mimi nikafunga kwangu, na jioni tuliulizana kwa simu kama njaa ilikuwa kali. Karibu na mwisho nikamwambia, "Mama, tumefunga wote. Kuya tule Idi pamoja." Alisema atakuja. Hakusema atakula.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwezi. Ukionekana Alhamisi jioni, Idi ingekuwa Ijumaa, na mama yangu hagusi nyama Ijumaa ya Kwarezima. Usipoonekana, Idi ingekuwa Jumamosi. Hapo ningempoteza jirani yangu Msabato, ambaye hunisaidia kila sikukuu na ambaye Jumamosi hawashi hata moto wa kuchemshia maji.

"Ambia mwezi ikuye Alhamisi," alinambia juu ya uzio. "Ikichelewa, mimi niko kanisani, utamenya viazi yako we peke."

"Mwezi haina numero ya simu."

"Na mama yako je?"

"Ijumaa hakulake nyama."

"Basi upike samaki, ata mwezi ikuye Jumanne!"

Samaki, ndiyo, lakini samaki gani? Makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi, nilimwondoa mara moja, kwa sababu mama ana tension, presha ya damu, na daktari amemkataza chumvi. Kambale hana magamba, na Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Jirani alicheka mwenyewe aliponikumbusha: "Tena nusu ya banaume ya Butembo banaitwa Kambale. Mama yako atakula bandugu yake?" Ikabaki tilapia ya ziwa, mbichi, ambayo hufika kutoka Kyavinyonge ikiwa imefunikwa majani. Nilimwagiza mama mmoja wa sokoni aniwekee wakubwa, na nikaenda kuwaona kwa macho kabla hajawapasua.

Shangazi wa mume wangu, aliyemlea, alikuwa na masharti yake. Ana ugonjwa wa sukari. Anataka bugali wa ulezi, kidogo, na chai isiyo na sukari. Lakini aliposikia habari ya samaki alipiga makofi. "Idi ya samaki? Tumekuwa bata ya ziwa?" Kwa hiyo nyama ya ng'ombe nayo ilibidi iwepo, kwa ajili yake na ya mume wangu. Jirani hanywi chai ya aina yoyote. Kwake nilipanga majani ya mchaichai.

Nilinunua sufuria mbili mpya na mwiko mpya. Kwenye mikono ya sufuria ya nyama nilifunga uzi mwekundu, kwenye zile za samaki uzi mweupe, na niliazima mbabula ya pili, jiko la makaa, ili makaa ya nyama na makaa ya samaki yasikae pamoja. Cube za kukolezea mchuzi sikutia popote, maana zina chumvi, na nyingine zimeandikwa ng'ombe kwenye karatasi zake. Badala yake nilitumia nyanya, vitunguu, pilipili manga, ndimu na tangawizi. Nilionja mara mbili kwa vijiko viwili, nikaona samaki anaweza kwenda bila chumvi na mtu asijione mgonjwa.

Alhamisi, baada ya sala ya magharibi, mume wangu alirudi kutoka msikitini akasema neno moja: "Kesho." Sauti ya jirani ikavuka uzio: "Mwezi imekusikia!"

Ijumaa mama alifika mchana. Gari lao lilikuwa limesubiri mpaka wanajeshi wakaruhusu magari kupita. Alinawa kwenye ndoo yenye robine, bomba dogo la maji, iliyoko mlangoni tangu siku za Ebola, akasalimu, akakaa pale anapokaa siku zote. Mume wangu alimwamkia akiwa ameinamisha macho, kama inavyompasa mkwe, kisha akaenda kuketi barazani na kanzu yake ya Idi.

Tuliandaa. Jirani alileta mboga za lengalenga na viazi, mimi nikaleta sufuria zenyewe mezani, jambo ambalo kwa kawaida sifanyi mbele ya wageni. Nilitaka mama aone.

"Mama, hii ya uzi mweupe haiyaguswa na nyama ata siku moja. Ni tilapia ya Kyavinyonge. Chumvi hakuna. Mwiko ni mupya. Moto yake ilikuwa mbali na moto ya nyama."

Aliangalia uzi, akaangalia samaki, akaniangalia mimi. "Umetumika kazi mingi," alisema. "Wasingya." Ni shukrani ya kikwetu, na ilitoka moyoni. Nikampakulia samaki mzima, kichwa na mkia. Akakunja mikono juu ya mkoba.

"Nimeshiba, mwana wangu."

Sikuwa na sharti jingine la kutimiza. Yote niliyoyajua nilikuwa nimeyafanya, na sahani ilikuwa pale inatoa moshi. Jirani aliacha kutafuna.

Ni shangazi aliyesema. Yeye na mama huitana bokilo, yaani mkwe; ni wa rika moja, na wakwe wa rika moja huruhusiwa kutaniana.

"Bokilo, iyi samaki yetu iko na meno? Inakuuma?"

"Samaki haina matata," mama alijibu. "Naona iko muzuri sana."

"Ni kusema sisi tunanuka?"

"Bokilo, usinitafutie maneno. Mutu anakula mu nyumba yenye mulango imefunguliwa."

Mimi niligeuka kuangalia mlango. Ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni. Lakini shangazi, ambaye mama yake mzazi alikuwa wa Lubero, wa kabila letu, aliweka chini tonge lake la ulezi. Aliita kuelekea barazani.

"We! Kuya hapa. Simama pale pale ku mulango. Wakati ya kuoa, mbuzi ya mama ulipeleka je?"

"Nilipeleka, shangazi. Tena njo ya kwanza kabisa."

"Siulize kama ulipeleka. Nauliza ulipeleka je."

"Nilichinja muzuri, na bismillahi. Nikachuna, nikakata, nikatia mu basani mupya, nikafunika na kikwembe ya bei."

"Nani alibeba?"

"Shoferi."

Shangazi alipiga makofi mara moja, akaiacha mikono wazi hewani. "Yesu wa bantu! Na mimi ni Mwislamu nasema vile! Ulipeleka nyama. Hukupeleka mbuzi! Nyama hapana mbuzi!"

Mama alikuwa anaangalia sakafu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa aibu, kiganja kikiwa mdomoni.

Ndivyo nilivyopata maelezo, kwa vipande, kutoka kwa shangazi, mama akiitikia kwa kichwa. Katika mbuzi wa mahari yuko mmoja wa mama aliyezaa. Huyo anakuja hai, kwa miguu yake, na kamba iko mkononi mwa mkwe mwenyewe. Mama akipokea kamba, mlango wa nyumba ya binti yake umefunguliwa; anaweza kula humo na kulala humo. Asipoipokea, nyumba ile ni ya mgeni, na kula kwa mgeni aliyekuchukulia binti ni muziro. Wala hawezi kumdai, kwa sababu mama anayedai mbuzi wake anaonekana ameuza mtoto. Mume wangu alikuwa amemheshimu kwa namna ya kwao: nyama safi, iliyochinjwa kwa sheria, isiyomwachia mama mzee kazi ya kuchuna. Mama aliigawa kwa majirani, na kile kitambaa cha kikwembe akakiweka sandukuni.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia. Nilisema ni muziro."

Alikuwa ameniambia kweli, na kwa neno lenyewe. Katika lugha yetu muziro ni wa mnyama, ni wa mjamzito, ni wa mkwe. Mimi nilichagua mmoja na kwenda nao sokoni.

Mume wangu bado alikuwa amesimama mlangoni. "Mbuzi naweza pata wapi leo?"

Sote tulimgeukia jirani, ambaye anafuga mbuzi nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameshaanza kufuta mikono.

"Nauzisha. Lakini mbele jua izame. Sabato ikiingia, ata uniletee gari yako yote na kakao ndani, siuze."

"Jike," shangazi alisema. "Asilete dume ya kunuka."

Kutoka nyumba ya jirani hadi kwetu ni kupita pengo la uzio tu, lakini shangazi alikataa. Mbuzi wa mama hapiti pengo la uzio. Aje kwa barabara, watu waone. Kwa hiyo mume wangu, mwenye malori ya kwenda Mangina kubeba kakao, alitoka nyuma ya nyumba ya jirani na kanzu nyeupe, akizunguka mtaa mzima akivuta mbuzi jike mwenye madoa ambaye hakutaka kwenda. Sisi tulisimama uani kuangalia. Mbuzi alikaa katikati ya njia. Pikipiki zikasimama.

"Aladji!" dereva mmoja alipiga kelele. "Idi yote hii, unaenda kuoa wa pili?"

"Wa kwanza njo bado naoa!" alijibu, akamsukuma mbuzi kwa goti.

Walicheka mpaka ng'ambo. Mwingine aliteremka, akamsaidia kumwinua mbuzi, lakini shangazi alimfokea kutoka langoni aiachie kamba, isishikwe na mkono mwingine. Mume wangu aliingia na vumbi mpaka magotini. Mbele ya mama alipiga goti moja, bila kumtazama usoni, akanyoosha kamba kwa mikono miwili.

"Mama, nilikosa njia. Mbuzi yako njo hii."

Mama aliweka mkoba chini. Sikumbuki kuwahi kuuona mkoba ule chini. Alipokea kamba kwa mikono miwili, akasema, "Wasingya, mwana wangu," na si "mukwe" kama alivyozoea kumwita. Alimpapasa mbuzi mbavu na tumbo, akamfunga mwenyewe kwenye nondo ya dirisha, akarudi kwenye ndoo kunawa tena.

Samaki alikuwa amepoa kabisa. Nilitaka kumrudisha motoni.

"Wacha," mama alisema. Alikaa mezani, akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge. Alikula upande mmoja wa samaki, akamgeuza, akala wa pili, akamaliza na kichwa, akitoa miiba mdomoni mmoja mmoja na kuipanga pembeni ya sahani. Jirani alikunywa mchaichai wake haraka akaaga, kwa maana jua lilikuwa linashuka. Mume wangu alikula nyama yake barazani.

Giza lilipoingia, mama hakuulizia pikipiki ya kumpeleka kwa binamu yake. Aliuliza analala wapi. Nilimtandikia chumba cha watoto.

Asubuhi nilipoamka nilisikia kuni zikivunjwa. Mama alikuwa jikoni, amejifunga kitambaa changu, moto umeshika, viazi viko kwenye maji. Alikuwa ameshika kisu changu kwenye mwanga wa dirisha akikipima kwa kidole gumba.

"Kisu gani hii?" aliniuliza. "Haiwezi kukata ata ndizi yenye kuiva. Jiwe iko wapi?"